Yah: Malalamiko kuhusu programu yenu kuwapa wagonjwa majibu yasiyo yao katika uchambuzi wa picha kwa mkupuo

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,

Ninaandika kwa niaba ya kitengo cha radiolojia cha hospitali yetu hapa Dodoma, ambacho kwa zaidi ya mwaka mmoja kimekuwa kikitumia programu yenu kusoma picha za eksirei ya kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu. Malalamiko yangu hayahusu namna programu hiyo inavyosoma mapafu. Yanahusu kile inachofanya baada ya kusoma, pale picha nyingi zinapoingizwa kwa pamoja, kwa sababu hapo ndipo ilipompa mtu alama ya mwenzake bila kutuonya.

Mwezi uliopita gari letu la eksirei lilirudi kutoka vijijini na picha 1,240. Tuliziondolea majina, tukazipa namba za mfululizo, tukaziingiza zote kwa mkupuo jioni na kuiacha kompyuta ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi skrini ilionyesha ujumbe kwamba kazi imekamilika. Jedwali la matokeo lilikuwa na safu mbili tu, namba ya mstari na alama ya picha kuanzia 0 hadi 100 (alama kubwa humaanisha dalili zaidi za kifua kikuu), na kwa kuwa mwongozo wenu unasema matokeo hutoka kwa mpangilio uleule wa mafaili, mwenzetu aliyanakili kando ya rejista ya wagonjwa, mstari kwa mstari.

Kilichotushtua ni mwisho wa rejista, ambapo watu watatu hawakuwa na alama yoyote. Tulipohesabu tulikuta mistari ya majibu ni 1,237, na baada ya kuzifungua picha moja moja, kazi iliyotuchukua siku mbili, tukagundua kuwa picha namba 214, 691 na 1,008 hazikusomwa kabisa. Zote tatu zilitoka kwenye mashine yetu ya akiba, ambayo huhifadhi picha kwa mgandamizo wa JPEG 2000 (njia ya kupunguza ukubwa wa faili), mgandamizo unaokubalika katika DICOM, kiwango cha kimataifa cha mafaili ya picha za kitabibu. Ukiifungua mojawapo ya picha hizo peke yake, programu yenu hueleza wazi kuwa haiwezi kuisoma. Ikiwa ndani ya mkupuo, huiruka kimya kimya: haiachi mstari mtupu, haiandiki kosa popote, bali huchukua jibu la picha inayofuata na kuliweka mahali pa ile iliyoshindikana.

Kwa hiyo kuanzia mstari wa 214 kila mgonjwa alikuwa amebeba alama ya mtu aliyemfuata kwenye foleni. Baada ya picha ya pili iliyoshindikana, alama ya mtu wa pili nyuma yake. Na baada ya ile ya tatu, ya mtu wa tatu. Ni wagonjwa 213 tu wa mwanzo waliokuwa na majibu yao wenyewe.

Kwetu alama hiyo ndiyo inayoamua nani aitwe kutoa makohozi kwa kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vimelea vya kifua kikuu, na nani aambiwe arudi nyumbani. Mama mmoja, ambaye picha yake ina tundu linaloonekana waziwazi sehemu ya juu ya pafu la kulia, alikuwa ameandikiwa alama 6, huku kijana aliyepigwa picha mbele yake, mwenye mapafu safi, akiwa na alama 91 iliyokuwa ya mama huyo. Kijana alikwisha kuitwa na kutiwa hofu bila sababu. Mama tulimpata siku ya tano, kijijini kwake, katika chumba anacholala na wajukuu wawili, na sasa watoto hao nao inabidi wachunguzwe.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa programu za aina hii zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kuchuja kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Tuliupokea ushauri huo kwa moyo wote, kwa kuwa madaktari bingwa wa radiolojia ni wachache na vijiji ni vingi. Lakini usomaji sahihi haumsaidii mgonjwa kama jibu lake limeandikwa kwa mtu mwingine.

Tumewaandikia mara mbili. Jibu lenu la kwanza lilitutaka tuhakikishe picha zetu ni za aina sahihi. La pili lilitutaka tuwatumie picha zote kwa barua pepe, jambo ambalo hatuwezi kulifanya kiholela chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, maana hata jina likiondolewa, faili la DICOM huweza kubaki na tarehe ya kuzaliwa na taarifa nyingine za mgonjwa. Wala hamzihitaji. Chukueni picha yoyote ya majaribio yenye mgandamizo huo, iwekeni katikati ya nyingine kumi, kisha hesabuni mistari ya majibu.

Kwa upande wetu, tulipaswa kuhesabu mistari kabla ya kunakili, na sasa tunafanya hivyo kila mara. Hata hivyo hesabu hutuambia tu kwamba kuna picha iliyopotea. Haituambii ni ipi. Kila picha ya DICOM hubeba ndani yake namba ya utambulisho isiyopaswa kufanana na ya picha nyingine yoyote. Tunaomba namba hiyo iandikwe kando ya kila alama, na picha iliyoshindikana ibaki na mstari wake pamoja na sababu ya kushindikana.

Fidia ya ada ya leseni tutaizungumza baadaye. Tunachokidai kwanza, ndani ya siku 14, ni kwamba muwaandikie wateja wenu wote wanaotumia uchambuzi wa mkupuo, muwaeleze kasoro hii na kuwataka wayakague upya majibu waliyokwisha kuyatoa. Sisi tuliigundua kwa sababu mistari mitatu ilibaki mitupu mwishoni mwa rejista. Penye maelfu ya picha, mstari mmoja uliopungua unaweza kupita bila mtu kuuona.

Wako katika utumishi,

Mkuu wa Kitengo cha Radiolojia
Dodoma