Barua kwa Mwanaidi: Wimbo Nilioukuta Ndani ya Basi

Langoni, Lamu
Agosti

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute u mzima, wewe na baba watoto, na huyo mjukuu mpya ambaye picha yake naionyesha kila anayekaa barazani kwetu. Sisi huku twashukuru. Kusi limechachamaa, mashua zitokazo Mokowe zaingia gatini na abiria wake wamerowa mpaka mabegani, lakini samaki wapo na watu ni wazima.

Utashangaa kuona nimeshika kalamu na simu ipo. Kwenye simu twaulizana habari za watoto, nani kaolewa, nani katangulia mbele ya haki, na mara mtandao ushakatika. Neno nililo nalo safari hii lataka utulivu. Limenikaa kifuani miaka 27.

Lilianzia kwenye macho. Tangu mwaka jana nikifungua msahafu usiku herufi zaingiliana, na kutia uzi sindanoni nikawa namwita Rukia anitilie. Na wewe wajua, kofia ni mkate wangu. Kofia ya mkono ukikosea kitundu kimoja safu nzima imeharibika, na mteja hakubali. Basi baba Rukia akanambia, nenda Mombasa ukapimwe.

Daktari alikuwa kijana wa rika la mwanangu wa kwanza. Akaniamkia shikamoo kabla hajanigusa. Akanieleza kwamba ndani ya jicho mna lenzi, na utotoni huwa laini, hujivimbisha upesi mtu atazamapo kitu kilicho karibu. Miaka ikisogea hukakamaa. Watu wengi huanza kuhisi wakishapita arubaini. "Si ugonjwa, mama," akasema, "ni umri." Nikamtazama nikataka kumwuliza: na huu moto unipandao usiku wa manane, nikaamka nguo zimenigandia mwilini, huu nao ni umri? Nikaona haya. Je, wewe umekukuta? Niambie, Mwanaidi, usinifiche, kwa kuwa mama zetu hawakutwambia. Nakumbuka mama yangu alikuwa akipanda darini usiku na kipepeo chake, nasi tukidhani ni joto la kaskazi. Nimehesabu miaka yake ya wakati ule. Alikuwa na 50, kama mimi sasa.

Nikapewa miwani ya kusomea. Kesho yake alfajiri nikapanda basi la kurudi Lamu, miwani mkobani.

Nilikaa dirishani. Tulipofika Kilifi tukapita darajani kwa muda wa kumeza mate tu, na mimi nikageuza shingo kutafuta maji chini. Waikumbuka feri? Daraja lilifunguliwa 1991, lakini ile safari yetu ya kwanza ya Mombasa na marehemu shangazi yako, basi lilitushusha Kilifi, likaingia feri nasi tukavuka kwa miguu, wewe umeshika korosho za moto kwenye karatasi ya daftari. Zilikuwa na chumvi nyingi ukanipa mimi zilizoungua. Kusafiri wakati ule kulikuwa na mahali pa kusimama. Mtu akishuka akanyosha miguu, akaona maji, akajua sasa nimeshaacha kwetu. Sasa lami imefika mpaka Mokowe, nami siilalamikii, kwa kuwa nimepanda basi la Lamu nikiwa na mimba ya miezi minane, kwenye vumbi na mashimo. Lakini kule kusimama pale Kilifi nakukumbuka kwa mapenzi.

Tulipoiacha Malindi, kondakta akaweka filamu ya Kihindi ya zamani. Vijana wa nyuma wakaguna, wakataka ngumi na bastola. Mimi nilikuwa naanza kusinzia. Ghafla nikasikia fidla, halafu sauti ya mwanamke, na mwili wote ukanisisimka. Nikasema moyoni, huu si ndio ule wimbo wa Juma Bhalo?

Ndio wenyewe, Mwanaidi. Tuni ile ile. Bila shaka tulikuwa tukijua kwamba yeye na waimbaji wenziwe wa taarab wa Mombasa walikuwa wakizichukua tuni za sinema za Kihindi na kuzitia maneno yetu, hilo halikuwa siri. Lakini kulijua jambo ni kitu kimoja, na kulisikia baada ya miaka, ukiwa peke yako kati ya Malindi na Garsen, ni kitu kingine. Mimi tuni ile nimeisikia kwa Kiswahili tangu nikiwa mtoto. Kwangu ni yetu. Kule kwa Kihindi ndiko kulikosikika kama kumeazimwa.

Halafu nikatazama kioo na nikaitambua filamu yenyewe. Ni ile ya mama aliyefunga mlango! Ile tuliyoitazama kwa jirani mwenye deki, tukilipa shilingi mbili, tumebanana chini kwenye mkeka kama dagaa, na jenereta la mji likizima umeme pale pale pa utamu. Kaka yako ndiye aliyekuwa akitutafsiria. Alisema yule mama anamlaani binti yake kwa kutaka kumfuata mume wa mbali. Tukamchukia yule mama, wewe na mimi. Mwezi mzima kila mtu mzima aliyetukataza jambo tukimwita kwa jina lake.

Nikatoa miwani. Chini ya picha mlikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, ambayo zamani hatukuyajali kwa kuwa hatukuyajua. Nikayasoma. Yule mama hakulaani, Mwanaidi. Alikuwa akimwambia binti yake kupitia mlangoni: nimefunga nisikuone ukitoka, kwani nikikuona sitaweza kukuacha. Nenda, lakini usinipitie mbele ya macho.

Nililia ndani ya basi. Bibi aliyekaa pembeni yangu, Mpokomo, hakuniuliza kitu, akanipa leso yake tu. Kufika Gamba tukashushwa kukaguliwa vitambulisho, tukapanga foleni juani, na tuliporudi ndani kondakta alishabadilisha, akaweka ngumi za vijana. Kwa hiyo mwisho wake sikuuona, na wa zamani siukumbuki. Wewe waukumbuka? Yule binti alirudi?

Sasa nakuja kwenye neno langu.

Siku uliyoondoka, mwaka 1998, nilituma mtoto akwambie nina homa kali siwezi kuja gatini. Sikuwa na homa. Nilikuwa darini kwetu, nimejibanza nyuma ya makuti, nikaiona mashua ikiondoka kuelekea uwanja wa ndege wa Manda. Ulikaa karibu na tanga na kikapu mapajani, ukageuza uso kutazama gatini. Mara mbili uligeuza. Mara ya pili ukauinua mkono, na sijui ulikuwa ukimpungia nani. Nilikaa pale mpaka mashua ikafika ng'ambo. Kisha nikateremka nikafunga chumba, na kwa miezi sita sikukuandikia, nikakuambia posta inapoteza barua. Nilikuwa na uchungu kwamba umekubali kuolewa Muscat ukaniacha. Nilikuona kama uliyenivunjia ahadi, na wala hapakuwa na ahadi. Naomba unisamehe. Najua utasema yamepita. Kwangu hayajapita, ndiyo maana nimeandika.

Na kidogo jambo lile lile lingejirudia. Rukia amepata nafasi Nairobi kusomea utengenezaji wa filamu. Anataka kushika kamera, aonyeshe Lamu kwa jicho la mtu wa Lamu, si mitaa yetu kuwa mandhari ya hadithi za wageni. Baba yake alikubali siku ile ile. Mimi nilikataa, nikamtajia bandari mpya iliyoanza kazi hapa Lamu mwaka 2021, nikamwambia kazi itapatikana nyumbani. Akanyamaza. Wiki mbili alikuwa akinitilia uzi sindanoni na hasemi. Usiku niliorudi nilimkuta anapika mkate wa sinia, nikakaa jikoni nikamwambia: nenda, na nitakusindikiza mpaka Mokowe, nitasimama pale mpaka basi liondoke. Akaacha mwiko ukaanguka kwenye jivu. Anaondoka mwezi ujao, inshallah.

Tangu nirudi nasikiliza nyimbo zetu zile usiku usingizi unaponikataa. Utotoni tulifuata tuni na mdundo, mabega yakicheza yenyewe. Maneno tukiyaimba kama dua ambayo mtoto ameihifadhi bila kujua maana. Sasa nasikiliza maneno. Nyimbo nyingi za Bhalo zilitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, naye alikuwa malenga wa kweli. Yumo mtu mzima mle ndani anayesema mambo ambayo msichana wa miaka kumi na minne hawezi kuyapokea. Na udi wa Zein l'Abdin, mwana wa Lamu hii hii! Zamani nilimwona anachelewa sana kabla ya kuanza kuimba. Sasa naona pale anapopitisha vidole taratibu, peke yake, ndipo wimbo ulipo. Bhalo katutoka 2014, Zein 2016, Mungu awarehemu. Na Lata Mangeshkar, yule mwimbaji wa sinema za Kihindi, alipofariki Februari 2022, akiwa na miaka 92, wewe ndiwe uliyeniamsha kwa simu kunipa habari. Uliniambia umegundua kwamba nusu ya wanawake wazuri wa utoto wetu walikuwa na sauti moja, sauti yake, wao wakicheza midomo tu. Nimeyafikiri sana maneno yako hayo.

Katika kutafuta kaseti, ndani ya kasha la mama, chini ya leso zake, nimekuta moja ambayo si ya dukani, si zile za Mbwana Radio. Ni ya harusi ya dada yako, 1994, kile kikundi cha mtaani kilichopiga uani kwenu. Utepe ulikuwa umejikunja. Nimeukunjua kwa penseli taratibu asubuhi nzima, na kijana wa dukani akauhamishia kwenye simu. Nitakutumia. Sauti ina mchanga, mwimbaji yuko mbali, taishokoto, kile kinanda cha nyuzi, ndiyo iliyo juu kuliko wote, na vigelegele vya kina mama wakienda kutuza vyafunika kila kitu. Lakini baada ya wimbo wa pili, wapigaji wakitengeneza nyuzi, kuna kimya kidogo, na karibu kabisa na kipaza sauti yasikika wazi sauti ya msichana, na kikuba nakumbuka kilikuwa kichwani mwake, akiniambia mimi kwa hasira: "Sogea, Khadija, sioni!"

Shoga yako,
Khadija