Barua kwa Akinyi kabla ya safari ya Disemba

Nyalenda, Kisumu
9 Novemba

Mpendwa Akinyi,

Pokea salamu zetu. Sisi tu wazima, ila mvua imeacha madimbwi kila kona na mbu ndio wenye mtaa.

Nimefurahi kwamba mnakuja Disemba. Lakini neno lako la juzi kwenye simu limeninyima usingizi, eti neti ya nini, wewe ni mtoto wa ziwa na malaria inakujua. Ilikujua, dada. Ukiugua surua mara moja na kupona, chembe nyeupe za damu huvikumbuka virusi vyake maisha yako yote. Malaria sivyo. Vimelea vyake vina sura nyingi, mwili huvizoea polepole, homa baada ya homa, na ukikaa mbali navyo kinga hiyo hufifia. Unakumbuka tulivyotetemeka chini ya blanketi la mama yako, na nje jua linawaka? Ndivyo tulivyoipata kinga hiyo, na wenzetu wengine hawakuvuka. Sasa umekaa kwenye baridi ya Nakuru miaka 7.

Ninayemhofia zaidi ni Hawi. Alizaliwa na kingamwili zako, zilizompitia kwenye kondo la nyuma, na maziwa yako yanamwongezea nyingine. Lakini hizo ni za kuazima. Ulizompa tumboni huisha baada ya miezi michache, naye atakuwa na miezi 7 mkifika. Za kwake lazima mwili wake ujifunze kuzitengeneza, na chanjo ndiyo mwalimu asiyeua. Ulinipigia ukilia kile kipele cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, mkononi kilipopasuka na kutoa usaha. Pale ndipo mwili wake ulikuwa ukijifunza. Huku watoto huanza chanjo ya malaria wakiwa na miezi 6, nao ni dozi 4. Hawi hajaanza hata moja, na hata waliochanjwa tunawalaza ndani ya neti.

Kwa hiyo pitia kliniki kabla ya safari, uulize kama kuna dawa ya kujikinga inayowafaa nyote wawili. Na mkirudi Nakuru, yeyote akipata joto hata baada ya wiki mbili, usingoje kesho. Mwambie daktari mlikuwa Kisumu, apimwe malaria.

Neti yenu nimeshaitoa kwenye mfuko. Ni ya bluu, yenye dawa, nimeitundika kivulini tangu asubuhi ipunge hewa.

Wako,
Atieno