WordPad Inatosha kwa Kazi Gani?

Wateja wetu wengi wanaoleta nyaraka za kuchapishwa huziandika nyumbani kwa WordPad, programu ndogo iliyokuwa ikija ndani ya Windows kuanzia Windows 95, bila mtu kuinunua wala kuipakua. Hatuna sababu ya kuibeza. Kwa barua ya kuomba kazi ya ukurasa mmoja inatosha kabisa: hufunguka upesi hata kwenye kompyuta ya zamani, humwezesha mwandishi kuchagua fonti, kukoza maneno, kuyalaza, kupanga aya na kuweka picha, na faili yake ya kawaida, RTF, hufunguliwa na karibu kila programu ya kuandikia.

Shida huanza pale hati iliyoandaliwa kwa Word inapofunguliwa humo. Tangu Windows 7, WordPad hufungua na kuhifadhi faili za DOCX, yaani aina ya faili ya Word, na uwezo huo ndio unaowaponza watu, kwa kuwa haielewi kila kilichomo. Chukua katiba ya kikundi cha kuweka na kukopa yenye kurasa 12, jina la kikundi likiwa juu ya kila ukurasa, namba chini, na tanbihi panapotajwa sheria. Katibu anaifungua ili abadilishe tarehe ya mkutano tu. Onyo linatokea kwamba baadhi ya mambo huenda yasionekane, naye analifunga. Akishahifadhi juu ya faili ile ile, jina la juu, namba na tanbihi vimepotea, na kama hakuwa na nakala nyingine, itabidi vyote viandikwe upya. Tunawasihi sana: ihifadhini kwa jina jipya kwanza.

WordPad haikagui tahajia, wala haina kitufe cha kutengeneza jedwali. Wengi hupanga orodha ya bei kwa kubonyeza nafasi mara nyingi hadi safu zilingane, lakini fonti ile isipokuwapo kwenye mashine yetu, bei husogea na kuonekana kama za bidhaa nyingine.

Microsoft ilitangaza mwaka 2023 kwamba itaiondoa, na toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, halina WordPad. Aliyesasisha kompyuta asidhani kazi zake zimefutika. Faili zipo, na zitafunguka kwa Word au kwa LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure, hutengeneza majedwali na ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili.

Kabla ya kuja dukani, fungua sehemu ya kuchapisha, chagua Microsoft Print to PDF kwenye orodha ya printa, kisha uhifadhi. Hati hiyo itatoka kwetu kama ulivyoiona kwako. Hata hivyo, weka kwenye fleshi na ile faili ya awali, ili likionekana kosa la herufi tulirekebishe hapo hapo.