Mwanangu, kabla hujalipa madeni, andika majina

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera tena kwa kazi. Najua mshahara wa kwanza umeingia na tayari una orodha ya watu wa kuwarudishia chao. Vizuri. Ila nasikia simu za shangazi yako hupokei, na mwaliko wa binamu yako umeukwepa kwa kisingizio cha kazi nyingi. Hilo huwapata wengi wanaotoka kwenye ukosefu wa kazi wa muda mrefu: kila aliyekusaidia anageuka risiti. Ukimwona mtu unaona kiasi, na kwa kuwa kiasi hicho huna bado, unamkimbia mtu mwenyewe. Usipoangalia, utamaliza madeni yote ukiwa huna ndugu.

Dawa ya deni ni kulipa, na hilo nitalifikia. Wema ni hesabu nyingine, na hesabu hizi mbili ukiziweka kwenye daftari moja zinachafuana.

Chukua karatasi, uipige mistari upate safu nne. Ya kwanza jina. Ya pili alichofanya, tendo mojamoja, si "alinisaidia sana". Ya tatu kilichomgharimu. Ya nne neno moja tu: mkopo, au si mkopo. Usitegemee kumbukumbu, maana miezi ya dhiki hufanana na akili huibana ikawa kitu kimoja kizito. Fungua ujumbe wa simu kuanzia wiki uliyoachishwa kazi, usome hadi leo, mwezi kwa mwezi. Tenga saa mbili za mchana. Usiku ukiwa umechoka utasoma aibu tu.

Safu ya tatu ndiyo itakayokusumbua, na ndiyo yenye kazi yote. Kiasi cha pesa hakikuambii mtu alitoa nini. Aliyekutumia kiasi kidogo akiwa na watoto watatu wa kulipia ada ametoa zaidi ya aliyekutumia mara nne ya hicho asihisi pengo. Na gharama nyingi si za pesa. Kuna aliyetaja jina lako kwa mwajiri akijua ukiharibu, jina litakaloharibika ni lake. Kuna aliyesoma wasifu wako mara tano, akausahihisha, na mara ya tano akaupokea kana kwamba ndiyo ya kwanza. Kama hujui kilimgharimu nini, acha nafasi wazi, usibuni. Nafasi hizo tupu zitakufundisha jinsi ulivyokuwa umejifungia ndani ya shida yako.

Ukimaliza mzunguko wa kwanza, rudia karatasi ukitafuta msaada uliofichwa. Niall Bolger na wenzake walichapisha mwaka 2000 utafiti kuhusu watu waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa uwakili New York pamoja na wenzi wao, kila mmoja akijaza shajara yake kila siku. Msaada ambao mpokeaji aliutambua mara nyingi uliendana na huzuni zaidi, pengine kwa sababu unamkumbusha kwamba ameelemewa. Uliomfaa zaidi ni ule ambao mtoaji aliuandika kwenye shajara yake na mpokeaji hakuuona kabisa. Maana yake ni hii: waliokushika vizuri zaidi ndio wanaokosekana kwenye orodha yako. Watafute kwa maswali. Nani aliacha kuuliza "vipi, umepata?" na akaendelea kupiga simu? Nani alibadilisha mada watu walipoanza kusimulia vyeo vyao mezani? Nani alikuomba umsaidie kazi ambayo angeweza kuifanya mwenyewe, ili siku yako iwe na saa ya kuamka?

Hilo la saa ya kuamka si dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichunguza Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake kilikuwa kimefungwa. Waliwapima watu mwendo barabarani. Wanaume wasio na kazi walitembea polepole wakisimamasimama njiani. Wanawake walipita upesi, kwa sababu kazi ya nyumbani haikuwa imefungwa na kiwanda. Wakopaji wa vitabu maktabani walipungua sana, ingawa muda wa kusoma ulikuwa tele. Kazi ikiondoka haiondoki na mshahara tu, huondoka na umbo la siku. Sasa jiulize ni nani aliyeishikilia siku nyumbani kwako miezi yote ile: aliyehakikisha watoto wanaamka saa ileile, taa zinazimwa saa ileile, na wewe unakuta maisha yanaendelea. Mkeo. Nina hakika ukimwandika utaandika mstari mmoja. Anastahili ukurasa.

Lakini kwake usianze na asante. Anza na samahani. Mtu asiye na kazi hupandisha hasira mahali pasipo na hatari ya kufukuzwa, yaani nyumbani, na wewe ulipandisha. Ukimshukuru bila kugusa hilo, asante yako itakuwa kama plasta juu ya kidonda ambacho hakijaoshwa. Taja kosa lenyewe: siku ile, maneno yale. Usiongeze "lakini nilikuwa na mawazo". Kisha nyamaza, umwache aseme yake hata kama ni marefu. Shukrani iwe siku nyingine kabisa, tatu nne baadaye.

Kwa wengine wote, shukrani nzuri ina sentensi nne hadi sita: tendo lenyewe, kilichomgharimu, kilichobadilika kwako, na kile ambacho tendo hilo linaonyesha kuhusu utu wake. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau. Utafiti wa Sara Algoe na wenzake kuhusu wapenzi na wanandoa umeonyesha kwamba shukrani inayomsifu mtoaji humgusa kuliko inayoeleza tu faida aliyoipata mpokeaji. Kwa mfano:

"Shangazi, uliniachia kompyuta yako wiki tatu nilipokuwa naandika maombi ya kazi, na wewe ukawa unaazima ya jirani. Hukuuliza hata mara moja itarudi lini. Ombi lililonipa kazi hii niliandikia humo. Unajua kutoa bila kumfanya mtu ajione mdogo."

Basi. Hakuna "sijui nikulipe nini", maana hapo umerudi kwenye risiti. Hakuna "nilikuwa mzigo kwenu", kwa sababu utamlazimisha aanze kukubembeleza, na mazungumzo yaliyokuwa yake yanageuka yako. Usiombe kitu chochote katika simu hiyohiyo, hata namba ya mtu. Usitume ujumbe mmoja kwa kundi zima la familia. Asante ya wote haimfikii yeyote, na kuna waliotoa kwa siri ambao hawapendi wengine wajue. Zawadi pia isitangulie maneno. Ikitangulia, mtu anaiona kama malipo na anafunga hesabu kabla hujasema kitu.

Utaona haya, hilo halina ujanja. Amit Kumar na Nicholas Epley waliwauliza watu walioandika barua za shukrani wakisie wapokeaji watajisikiaje, kisha wakawauliza wapokeaji wenyewe. Waandishi walidhani wapokeaji wataona ugeni zaidi kuliko walivyoona kweli, na furaha yao wakaikisia ndogo kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo unapokwama ukitafuta neno zuri, jua kwamba mpokeaji haangalii ufundi wa maneno, anaangalia kama unakumbuka.

Nenda kwa watu wawili kwa wiki, wasizidi. Ukiwapigia kumi Jumamosi moja, kufikia wa sita unasoma hotuba.

Sasa madeni. Siku nyingine, simu nyingine, na uzungumze kwa tarakimu: kiasi unachokumbuka, uulize kama ndicho anachokumbuka yeye, tarehe ya kuanza, na awamu ngapi. Kosa la kawaida ni kutaka kumaliza wote ndani ya miezi miwili ili upumue, kisha mwezi wa tatu unakopa tena kwa walewale. Ondoa kwanza gharama za nyumba na malimbikizo ya pango, kisha kilichobaki kigawe sehemu, na sehemu moja uibakize kwa dharura. Mtangulize anayehitaji, si anayepiga kelele. Atakayekuambia "sahau hilo", muulize mara moja tu kama ana hakika. Akisema ndiyo, pokea, futa neno "mkopo" kwenye safu ya nne, na umrudie kwa shukrani kama wengine. Kumsukumia mtu pesa alizokusamehe ni kumtupia zawadi yake usoni.

Kutakuwa na majina yanayouma. Yule aliyekusaidia kisha akasimulia kila mahali, mshukuru kwa tendo, kwa sentensi mbili, na lile la kusimulia liache pembeni au liseme siku yake. Aliyekuahidi akapotea, hujalazimika kumtafutia wema. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nami naongeza kwamba wengine hawakuja kwa sababu walikuwa na dhiki yao na hawakutaka kukuongezea. Kabla hujamkata mtu, jua kwanza mwaka wake ulikuwaje.

Karatasi usiitupe. Katika utafiti wa Martin Seligman na wenzake wa mwaka 2005, watu waliopeleka barua ya shukrani kwa mkono walipanda furaha sana, na bado ilikuwepo baada ya mwezi mmoja. Kufikia mwezi wa tatu ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo usitegemee mzunguko mmoja. Weka siku moja ya wiki, uandike mambo mawili au matatu ambayo mtu amekufanyia wiki hiyo, hata kukuwekea kiti. Kila siku ni nyingi mno, utaanza kuandika ili umalize. Na kila baada ya miezi mitatu, toa jina moja kwenye karatasi ya zamani umpigie bila sababu, bila habari ya pesa.

Anza na shangazi. Mpigie asubuhi, jioni huwa amechoka, na usimtumie ujumbe kwanza wa kumwandaa. Ataanza kuwaza kuna msiba.

Wako,
Mama