Kwa nini benki inakuuliza habari za dola

Mombasa

Shoga yangu,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani Tanga. Sisi huku hatujambo.

Umelalamika kwamba afisa wa mikopo alikuhoji habari za dola, ilhali wewe unauza mitumba na hujawahi kuchelewesha rejesho. Ukaona ni dharau. Sivyo. Kumbukumbu zako zinamwonyesha ulivyolipa mwaka jana. Bei ya belo mwakani hazimwonyeshi. Tena tangu 2018 kanuni za kimataifa za uhasibu zinaitaka benki itenge fedha za hasara inayotarajiwa, si kungoja mteja ashindwe kulipa kwanza. Lazima ikisie uchumi unaelekea wapi.

Tazama yaliyotupata Kenya. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, watu wakihofu serikali haitaweza kulipa hati fungani, yaani deni iliyokopa kwa wawekezaji, ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni. Februari Benki Kuu ikapandisha riba yake, ile inayoongoza riba za mabenki, hadi asilimia 13, na serikali ikauza hati fungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, bila kodi. Ungekuwa wewe benki, ungemkopesha nani? Serikali au muuza mitumba?

Wenye mikopo ya riba inayobadilika waliona rejesho likipanda huku wateja wakipungua. Waagizaji wa bidhaa walibanwa kotekote. Lakini mimi walioniuma zaidi ni wakandarasi: kazi wameimaliza, serikali haijawalipa, na benki inawadai. Hapo hakuna uvivu wala utapeli, ila mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa unaitwa chechefu, kwisha maneno. Agosti 2024 mikopo chechefu ilifika asilimia 16.7 ya mikopo yote ya mabenki yetu, na wakati huo dola ilikuwa imesharudi kwenye 129 hivi! Sarafu hupona upesi. Aliyekwisha kuuza gari la mzigo ili alipe riba hapati nafuu hiyo.

Kwenu mlikuwa na riba ya Benki Kuu ya asilimia 6 tu, lakini uhaba wa dola mliuonja.

Basi ukirudi pale, beba risiti za kununulia mzigo, uwaonyeshe dola ilipopanda uliuza vipi. Na kabla hujatia saini, uliza kama riba ni ya kudumu au inabadilika. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, nipigie.

Wasalaam,
Shoga yako