Viwanda vikue, lakini ziwa lisife

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie uchafuzi wa Ziwa Victoria hapa Mwanza. Viwanda tunavihitaji, minofu ya sangara imesomesha watoto wengi, wakiwemo wangu. Lakini simama kwenye daraja la Mto Mirongo mvua ikikatika: maji meusi, povu, chupa za plastiki, vyote vinakimbilia ziwani, kulekule yanakotoka maji yetu ya bomba. Na kiwanda cha samaki kitachakata nini ziwa likiharibika?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo. NEMC, baraza la taifa la kusimamia mazingira, ipime majitaka ya kila kiwanda na kubandika matokeo kwenye ofisi za kata, wananchi tuyasome. Anayejenga mtambo wa kusafisha majitaka apunguziwe ushuru. Anayekaidi asihuishiwe leseni.

Msomaji,
Kirumba, Mwanza