Jeti Haichokonolewi kwa Waya: Barua kwa Mwanangu Aliye Lushoto

Muheza, Julai

Mwanangu,

Marahaba mama. Sisi huku wazima. Machungwa ndiyo yanapakiwa, malori yanalala barabarani usiku kucha. Ulipopiga simu jana nilikuwa sokoni katikati ya kelele, nusu ya maneno yako sikuyapata. Nimeona heri nikuandikie, maana ya kwenye simu yanasahaulika, na karatasi utaiweka pembeni ya spana.

Umesema pikipiki yetu ya Honda haikai bila choki. Ukirudisha choki inazima, hata ikiwa imeshapata moto. Lakini ukiwa njiani umevuta mafuta inakwenda bila kukwama. Na fundi wa hapo stendi amekwambia kabureta, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa, imekufa, ununue nyingine. Usinunue bado.

Yasikilize kwanza maneno yako mwenyewe. Choki kazi yake ni kuziba hewa ili petroli izidi. Asubuhi ya Julai huko Lushoto kila pikipiki inataka choki kidogo, hilo si ugonjwa. Ila injini iliyokwisha pata moto na bado inaishi kwa choki, hiyo ina njaa ya petroli. Na njaa yenyewe ni ya wakati wa silensa tu, pale inaponguruma umeachia mkono. Ikikimbia inashiba. Ndani ya ile kabureta kuna jeti mbili, vile vijipande vyenye tundu la kupitishia petroli: kubwa inalisha ukivuta mafuta sana, ndogo inalisha silensa. Basi iliyoziba ni ile ndogo. Cheche ziko sawa, vinginevyo usingefika hata Soni.

Watakuja wa kukwambia ni mlima. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa inapungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta hailijui hilo, inaendelea kumimina petroli ileile. Kwa hiyo mlima ungekupa shida ya upande wa pili: moshi mweusi, plagi yenye masizi, uvivu kwenye mpando. Yako ni kinyume chake.

Chanzo ni mimi, mwanangu. Tangu masika yaanze niliiacha barazani, koki ya petroli wazi, kikombe cha kabureta kimejaa petroli. Petroli ikikaa hivyo hukauka, ikabaki gundi ya rangi ya asali inayonuka kama vanishi ya zamani. Tundu la jeti ndogo halifiki nusu milimita, haliiwezi gundi hiyo. Nilipaswa kufunga koki na kufungua ile skrubu ya chini ya kikombe petroli yote itoke. Nilijua hivyo, sikufanya, na sasa wewe ndiye unayeteseka kwenye baridi.

Fanyia kazi nje, jiko la mkaa liwe mbali. Funga koki, toa bomba la mafuta, legeza kabureta. Juu yake kuna kifuniko cha kuzungushwa kwa mkono. Ukikivuta kinatoka na waya wa mafuta, slaidi na sindano ndefu. Slaidi ndicho kile kipande cha duara kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta. Kifunge kwenye kitambaa safi, kisigusane na mchanga. Tandika kanga nyeupe kuukuu chini, maana vidude vinavyoruka humo ni vidogo kuliko punje ya mtama.

Fungua kikombe utaona boya. Chomoa kipini chake taratibu, boya litatoka pamoja na kisindano kinachofunga petroli. Kiangalie ncha: ikiwa na mkwaruzo wa duara kimechoka, kitavujisha. Halafu jeti. Tafuta bisibisi inayoingia sawasawa kwenye mfereji wake, isiyopwaya hata kidogo. Jeti ni ya shaba, laini. Bisibisi nyembamba itaukata mfereji na hapo ndipo kabureta itakufa kweli. Ikigoma, imwagie petroli, nenda kanywe chai, rudi.

Sasa lile ninalokuomba ulishike kuliko yote. Usiichokonoe jeti kwa waya. Mwaka 1994 nilikuwa napanda Amani kuwatembelea wakulima wa iliki na mdalasini, pikipiki ikanizimia msituni. Nikachomoa uzi mmoja wa waya wa breki, nikaupitisha kwenye jeti kubwa, ikawaka. Nilifurahi sana siku ile. Baada ya hapo tangi lililonipeleka Amani na kunirudisha mara mbili likawa halimalizi safari ya pili. Plagi ikawa nyeusi kila wiki. Nilirekebisha sindano, nikabadilisha chujio la hewa, nikalaumu petroli ya kwenye madumu. Miezi minne. Kumbe tundu nilikuwa nimelipanua kwa chuma, na upana wa tundu ndicho kipimo chenyewe. Ile namba ndogo iliyogongwa kwenye jeti ndiyo inayousema. Chuma kikipita mara moja, namba inabaki lakini imekuwa ya uongo.

Tumia mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba kabisa. Loweka jeti kwenye petroli safi, pitisha mshipi, kisha pulizia kwa pampu ya baiskeli au mwombe fundi pancha akupe upepo. Usipulize kwa mdomo, petroli ni sumu. Ukimaliza inua jeti kwenye jua uchungulie: unatakiwa uone duara la mwanga lisilo na kona wala unywele. Na usiishie kwenye jeti. Kila kitundu cha kwenye mwili wa kabureta kipulizie, uone upepo unatokea wapi. Kisipopitisha, kimwagie tena usubiri.

Pembeni kuna skrubu mbili. Moja inainua slaidi, hiyo ni ya kasi ya silensa. Nyingine inapima mchanganyiko. Hii ya pili, kabla hujaitoa, ifunge polepole hadi iguse tu, ukihesabu mizunguko, na namba uiandike hapahapa kwenye barua yangu. Ukirudisha, iguse tena kisha fungua mizunguko ileile. Ukiikaza kwa nguvu utaiharibu ncha. Baadaye ukitaka kuigusa, robo mzunguko tu kwa wakati mmoja, injini ikiwa na moto, na usiguse kitu kingine chochote siku hiyo, la sivyo hutajua kilichoiponya.

Ukirudisha slaidi, upande uliokatwa uelekee kwenye chujio la hewa, na mfereji wake uingie kwenye kile kipini cha ndani. Ukiigeuza itakwama juu, pikipiki itapaa ikiwashwa. Kabla hujapiga kiki vuta mkono wa mafuta, uachie: lazima usikie slaidi ikigonga chini. Fanya hivyo usukani ukiwa katikati, kisha kushoto, kisha kulia. Nakuomba usiruke hapa. Nikifikiria kona za kushuka Soni na mafuta yaliyokwama, sipati usingizi.

Kama silensa itapanda yenyewe na kuchelewa kushuka, kuna hewa inayoingia kwa wizi kati ya kabureta na injini. Pakaza maji ya sabuni pale kwenye maungio. Mlio ukibadilika umempata mwizi, badilisha oringi, ile pete ya mpira. Ikizima baada ya kilomita chache kisha ikapona ukifungua kifuniko cha tangi, ni kile kitundu cha hewa cha kifuniko kilichoziba.

Ukikuta petroli inatiririka kwenye bomba la chini ya kabureta, funga koki mara moja, na chomoa kijiti cha oili unuse. Oili ikinuka petroli usiwashe kabisa, badilisha kwanza.

Injini yenyewe usiwe na wasiwasi nayo. Hii CG125 yako Honda waliitoa 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, valvu zake zinasukumwa na fimbo, haina cheni ya ndani ya kulegea. Imenibeba mimi na wewe mgongoni. Plagi ikitoka na rangi ya mdalasini baada ya wiki moja, ujue imeshiba vizuri.

Kifurushi kinakuja na basi la kesho asubuhi: oringi mbili, gasketi ya kikombe, na kipande cha mshipi nilichoomba kwa mjomba wako. Ukimaliza nipigie, uiwashe, urudishe choki, uweke simu karibu na injini. Usiseme kitu. Nataka niisikie.

Mama yako